Kinga ya Mshipi katika Kurambaza Maski

Maski, ambaye wataalamu wa viumbe humwita Esox masquinongy, ni samaki mkubwa wa maji baridi anayeishi Amerika Kaskazini, hasa katika Maziwa Makuu yaliyo mpakani mwa Marekani na Kanada, katika Mto St. Lawrence na katika maziwa ya Wisconsin na Minnesota. Huwinda kwa kuvizia, na jike lililokomaa huweza kupita urefu wa sentimita 120. Taya lake la chini lina meno marefu yaliyochongoka, na paa la kinywa limejaa meno madogo yaliyoelekea kooni, kiasi kwamba kinachonaswa humo hutoka kwa shida. Kingo za vifuniko vya mashavu yake nazo ni kali. Kwa sababu hiyo anayemvua hafungi chambo moja kwa moja kwenye mshipi mkuu, bali hutia katikati kipande kifupi cha waya au cha uzi mnene kiitwacho hapa kinga, ambacho kazi yake ni kustahimili yale ambayo mshipi wenyewe hauwezi kuyastahimili.

Njia inayozungumzwa ni kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya chombo kilicho katika mwendo. Wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaorambaza nguru hutumia waya kwa sababu iyo hiyo ya meno. Katika uvuvi wa maski, boti huenda kwa mwendo wa kilomita 5 hadi 8 kwa saa, ikivuta vyambo bandia vya mbao au plastiki vyenye umbo la samaki, ambavyo vingi huzidi sentimita 20 na hubeba ndoana mbili au tatu, kila moja ikiwa na ncha tatu. Mshipi mkuu kwa kawaida ni wa kusukwa, wenye uwezo wa ratili 80 hadi 100, yaani kilo 36 hadi 45. Mshipi huo ni mwembamba na haunyumbuki, nazo ni sifa njema, lakini nyuzi zake hukatika upesi mno zikiguswa na jino au zikisuguliwa kwenye jiwe.

Wengi huanza kwa kuuliza kinga iwe ya nini, ilhali swali la urefu ndilo linalostahili kutangulia, kwa kuwa kinga iliyo imara kupita zote haifai kitu ikiwa samaki ataufikia mshipi ulio juu yake. Anayerusha chambo kwa mkono na kukivuta huridhika na kinga ya sentimita 30 hivi, maana iliyo ndefu zaidi ingegonga pete ya ncha ya fimbo kila anapotaka kurusha. Anayerambaza hana kizuizi hicho, na mazingira yake yanadai zaidi. Maski akishanaswa hujiviringisha, yaani huzunguka kwa ubavu mara kadhaa akijifungia mshipi mwilini, na samaki wa sentimita 120 huwa na mzingo wa tumbo upatao sentimita 50, hivyo akizunguka mara mbili tu amekwisha kujizungushia karibu mita nzima. Kinga ya sentimita 30 hapo humalizika kabla ya mzunguko wa kwanza, na kinachobaki juu ya magamba, mapezi na kingo za mashavu ni ule mshipi wa kusukwa, ambao ama utakatika, ama utamkwaruza samaki utando wa ute unaomkinga na maradhi. Ndiyo sababu kinga za kurambazia hufanywa kuwa na sentimita 90 hadi 150.

Kuzidisha nako kuna mpaka wake. Kiungo kinachozunguka, kile kilicho juu ya kinga ili kuzuia mshipi usisokoteke, hakipiti kwenye pete za fimbo, kwa hiyo kinapofika kwenye ncha samaki huwa bado yuko mbali kwa urefu wote wa kinga. Ikiwa kinga inakaribia urefu wa fimbo, ambayo mara nyingi ni mita 2.4 hadi 2.7, mwenye wavu hatamfikia samaki isipokuwa mtu ashike kinga kwa mkono, jambo ambalo ni la hatari palipo na ndoana nyingi. Zaidi ya hayo, kanuni za IGFA, shirika la kimataifa linalosajili rekodi za uvuvi, huruhusu kinga isiyozidi mita 1.82 kwa samaki wa maji baridi.

Kuhusu kitu chenyewe, uchaguzi mkuu ni kati ya chuma cha pua kisichoshika kutu na florokaboni, ambayo ni plastiki ngumu, nzito kuliko maji, inayopinda mwanga kwa kiasi kinachokaribia cha maji na hivyo huonekana kwa shida kuliko nailoni. Waya wa uzi mmoja ni mwembamba na jino haliukati, lakini ukijikunja kwa pembe kali hubaki na kovu, na kovu hilo ndipo utakapovunjikia. Waya wa nyuzi 7 zilizosokotwa hulegea vizuri zaidi, ila nyuzi zake huanza kufumuka moja moja. Titani iliyochanganywa na nikeli hurudi katika umbo lake baada ya kukunjwa, kwa bei iliyo juu.

Florokaboni hupendwa kwa kutoonekana kwake, lakini sifa hiyo, katika kurambaza, inatukuzwa kupita kiasi, kwa kuwa chambo kinachopita kwa kasi hakimpi samaki nafasi ya kukichunguza. Thamani yake kubwa iko katika unene: uzi wa ratili 130 hukaribia milimita moja, hivyo haujikunji kama waya, hustahimili msuguano, na ukizunguka mwili wa samaki haumkati kama waya unavyoweza kumkata. Udhaifu wake ni kwamba jino huweza kuuchanja, na uzi mwembamba wa ratili 40 au 50 haupaswi kabisa kutumiwa kwa maski.

Ziwa St. Clair, lililo kati ya Michigan na Ontario, laonyesha jinsi mazingira yanavyoingia katika hesabu hii. Mwaka 1988 waligunduliwa humo kome wadogo wenye michirizi kama ya pundamilia, waliotokea upande wa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Kome hao huchuja maji, hivyo maji yakawa maangavu, mwanga ukafika chini, na majani ya majini yakasitawi, huku magamba yao makali yakitapakaa juu ya mawe. Jani linaloelea likinaswa na mshipi huteleza hadi kwenye chambo na kukizuia kucheza, ila likikutana na kiungo kilicho juu ya kinga ndefu husimama hapo, mita moja au zaidi mbele ya chambo, nacho huendelea na kazi yake. Mwenye kinga fupi hulazimika kuvuta mshipi wote ndani kila mara.

Samaki aliyekata mshipi huondoka na chambo kizima kinywani, pengine taya zikiwa zimefungwa pamoja na ndoana, na huenda akafa kwa njaa. Hasara hiyo ni nzito kwa samaki aliye haba hata katika maziwa bora na anayechelewa kukomaa. Minnesota, kwa mfano, hairuhusu kuchukuliwa maski aliye chini ya sentimita 137, na wavuvi wengi huwarudisha wote majini.

Florokaboni nene haishiki fundo vizuri, kwa hiyo miisho yake hufungwa kwa vijineli vya chuma vinavyobanwa kwa koleo, na ncha za kijineli huachwa bila kubanwa ili zisiukate uzi. Baada ya kila samaki, ukucha hupitishwa taratibu kwenye kinga yote, na mahali unapokwama ni alama ya kuchanjwa, hata kama jicho halioni kitu. Kinga hiyo hubadilishwa papo hapo, kwa maana uzi uliochanjwa huweza kuvumilia mvuto wa chambo siku nzima, kisha ukakatika samaki anapokaribia wavu.