Injini Inayotangaza Ndani ya Redio

Panda gari la zamani la petroli pale Changamwe, huku Mombasa, Peugeot 504 kwa mfano, dereva afungue redio. Mara nyingi utasikia stesheni mbili kwa pamoja. Moja ni ile aliyoitafuta. Ya pili ni injini yake mwenyewe: tiki-tiki-tiki inayokwenda polepole gari likisimama, ikashika kasi akikanyaga mafuta, na kunyamaza papo hapo akizima injini. Wengi hulaumu redio. Huing'oa, wakanunua nyingine, na mlio ukabaki palepale, kwa sababu redio haikuwa na kosa lolote. Inapokea kile inachotumiwa, na anayetuma yuko chini ya boneti.

Mwaka 1887 mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz aliunganisha koili na vijiti viwili vya chuma, akaacha mwanya mdogo kati yake. Kila cheche iliporuka mwanyani, cheche nyingine ndogo mno ilionekana kwenye pete ya waya iliyowekwa mbali kidogo, ingawa hakuna kilichoviunganisha vyombo hivyo viwili. Hivyo ndivyo mawimbi ya redio yalivyothibitishwa. Sasa tazama mfumo wa kuwashia wa gari la petroli: koili inayopokea volti 12 na kuzipandisha kupita 20,000, waya zinazobeba nguvu hiyo hadi kwenye plagi, na mwanya usiozidi milimita moja hivi ambako cheche huruka. Kila kitu alichokuwa nacho Hertz kimo humo, na waya za plagi ndizo antena. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa cheche 100 kila sekunde. Gari linalopanda kutoka Makupa kwenda Magongo ni kituo cha redio kinachotembea, hata kama mwenyewe hajui.

Wenye magari waligundua shida hii mara tu walipotaka muziki safarini. Mwaka 1930, Paul Galvin wa Chicago na mafundi wake walipokuwa wakitengeneza redio ya gari iliyoitwa Motorola, kelele za plagi zilikuwa miongoni mwa vikwazo vikubwa vilivyowasumbua. Miaka michache baadaye, mnamo 1933, Edwin Armstrong alipata hataza za FM, utangazaji unaoweka sauti katika kasi ya mitetemo ya wimbi badala ya ukubwa wake. Cheche huharibu zaidi ukubwa wa wimbi, kwa hiyo FM huikwepa kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana Pwani FM husikika safi ukiwa mjini, lakini ukiteremka kusini kutoka Likoni, kadiri stesheni inavyofifia, tiki-tiki huanza kujitokeza. Injini haikuongeza kelele. Stesheni ndiyo iliyopungua nguvu.

Dawa ya kweli huanzia kwenye plagi, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana mafundi wengi huipinga. Plagi zenye risista ndani yake hutambulika kwa herufi. Kwa NGK, BPR6ES ina risista na BP6ES haina. Tofauti ni ile R tu. Ukiipima kwa mita kutoka juu hadi ncha ya kati, yenye risista huonyesha kama omu 5,000. Utaambiwa gereji kwamba plagi ya namna hiyo inamaliza nguvu za injini, na kwamba waya za shaba tupu ndizo bora kuliko zile zenye kiini cha kaboni. Tufanye hesabu. Kabla cheche haijaruka, karibu hakuna mkondo unaopita, kwa hiyo risista haina cha kupunguza. Volti zote hufika mwanyani. Cheche ikishashika na kuwaka, mkondo wake ni wa miliampia makumi machache. Chukua 30, zidisha kwa omu 5,000, upate volti 150. Kwa koili inayoweza kutoa zaidi ya 20,000, hasara hiyo injini haiihisi.

Lakini kuna kipindi kifupi katikati, pale cheche inaporuka tu, ambapo umeme uliojikusanya kwenye waya na plagi humwagika wote kwa mpigo. Mkondo huweza kufika makumi ya ampia kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mpigo huo ndio unaorusha mawimbi hadi kwenye mitabendi ya FM, na ndio unaokabwa na risista. Kwa maneno mengine, risista huzuia sehemu ya cheche ambayo injini haiihitaji. Kuna jambo la kuangalia hapa: magari yenye mfumo wa kisasa wa kielektroniki hutaka plagi za risista kwa lazima, kwani kelele hiyo inaweza kuikoroga kompyuta ya injini. Anayeng'oa R akidhani anaongeza nguvu anaweza kuiletea injini yenyewe matatizo.

Zile 504 na wenzao wenye pointi ndani ya distribyuta huongezewa kapasita ndogo ya redio, ya mikrofaradi mbili au tatu hivi, kati ya koili na bodi. Ifungwe upande wa koili unaopokea umeme kutoka kwenye swichi. Ukiifunga upande wa pili, unaokwenda kwenye pointi, cheche itadhoofika na gari litasumbua kuwaka, na hapo fundi atasema kapasita ni mbovu.

Si kila kelele ni ya plagi, ingawa. Matatu nyingi za Hiace zinazopakia abiria wa Kisauni na Bamburi ni za dizeli, na dizeli haina plagi za cheche. Ukisikia mlio ndani ya gari hilo, hautakuwa tiki-tiki. Utakuwa mluzi mwembamba unaopanda na kushuka na mafuta, na mwenye mluzi huo ni alteneta. Alteneta yenye jozi sita za ncha hutoa vipigo vidogo 36 kila inapozunguka mara moja. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hiyo ni mitetemo 1,200 kwa sekunde, sauti ambayo sikio la mtu huisikia vizuri sana. Betri nzima na waya zilizokazwa humeza sehemu kubwa ya vipigo hivyo. Weka mita kwenye kipimo cha AC juu ya ncha za betri injini ikiwa inanguruma na taa zikiwaka: ikizidi nusu volti, shuku dayodi za alteneta kabla hujagusa amplifaya.

Kisha kuna chumvi, na hili ni letu watu wa pwani. Redio, amplifaya na antena zote hurudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, njia ambayo mafundi huiita athi. Upepo wa bahari unaovuma Likoni mwaka mzima hula pale hasa bati linapokutana na boliti. Mkanda wa shaba unaounganisha injini na bodi hubadilika rangi ukawa wa kijani, na chini ya kitako cha antena kwenye fenda hujificha kutu ambayo huioni mpaka uifungue. Antena iliyopoteza athi haichagui tena: waya wake wote hugeuka mpokeaji wa kelele za injini. Fungua boliti, sugua kwa msasa mpaka bati ling'ae, kaza, kisha paka grisi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa. Kazi hii haigharimu zaidi ya msasa na jioni moja, na nimeiona ikimaliza kelele ambazo vichujio vilishindwa.

Ili usibahatishe, chomoa waya wa antena nyuma ya redio injini ikiwaka. Kelele ikinyamaza, ilikuwa ikiingia kwa hewa: rudi kwenye plagi, waya zake na kitako cha antena. Ikiendelea, inaingia kwa waya wa umeme au athi. Redio ndogo ya mkononi nayo ni chombo kizuri: iweke AM, mahali pasipo na stesheni, uipitishe polepole juu ya injini huku mikono na nguo ukiviweka mbali na feni na waya za plagi. Itavuma zaidi ukikaribia waya uliopasuka. Usiku wenye unyevu unaweza hata kuona mwanga wa buluu ukitambaa juu ya ngozi ya waya kuukuu. Waya huo umekwisha, na unaibia injini cheche pia.

Kwenye matatu zenye spika kubwa, waya mnene wa umeme wa amplifaya upite upande mmoja wa gari, na nyaya za sauti upande wa pili. Redio na amplifaya zikifungiwa athi mahali pawili tofauti, tofauti ndogo ya volti kati ya sehemu hizo hupita kwenye waya wa sauti na kugeuka mluzi. Hilo hilo hutokea dereva anapochaji simu huku akiicheza kwa waya wa sauti. Ichomoe chaja, mluzi ukikoma, umeshampata mkosaji. Chaja za bei ya chini na taa za LED za mapambo nazo hutapika kelele zao ndani ya FM, hata injini ikiwa imezimwa na gari liko juu ya feri.

Kichujio cha kufunga kwenye waya wa umeme wa redio kinunuliwe mwisho, baada ya hayo yote, na kiwe na uwezo wa ampia unaozidi fyuzi ya redio yenyewe, la sivyo kitapata moto nyuma ya dashibodi.