Pochi ya sarafu za kidijitali ndani ya tovuti

Pochi ya sarafu za kidijitali haina sarafu ndani yake. Ina ufunguo wa siri; sarafu zenyewe ni hesabu zilizoandikwa katika daftari la pamoja, kama lile la Ethereum lililoanza Julai 2015. Ndiyo maana tovuti iliyounganishwa na pochi haimwombi mteja nywila. Hupeleka ombi kwa pochi, na pochi ndiyo inayomuuliza mwenyewe.

Mtu wa Maskati anayetaka kumtumia jamaa yake wa Unguja dola za kidijitali, tuseme USDT, bila kupita kwenye maduka ya kubadilisha fedha ya mtaa wa Ruwi mjini humo, huanza kwa kitufe cha kuunganisha. Tovuti hutafuta pochi kwenye kivinjari, kwa mfano MetaMask. Pochi ikiwa kwenye simu nyingine, WalletConnect huonyesha msimbo wa kupiga picha. Akiridhia, tovuti hupata anwani yake tu, inayoanza na 0x. Lakini anwani haina siri, yeyote anaweza kuitaja. Kinachothibitisha ni saini: tovuti hutoa ujumbe wenye namba ya kutumika mara moja, pochi huutia saini bila kutoa ufunguo, seva huikagua. Hatua hii haina ada.

Tovuti inapaswa pia kuhakikisha pochi iko kwenye mtandao unaotakiwa. Kisha inakuja hesabu, na hapa waandishi wa programu huteleza. Riali ya Omani ina baisa 1000, yaani desimali 3. USDT iliyo kwenye Ethereum ina desimali 6, na etha ina 18. Kubadilisha riali kuwa dola ni rahisi, kwa kuwa tangu 1986 riali moja ni takriban dola 2.60. Desimali zikikosewa, kiasi huongezeka au hupungua mara elfu au zaidi, na hakuna karani wa kurudisha muamala.

Hatari kubwa ni ruhusa. Programu inayochukua sarafu kwa niaba ya mteja lazima kwanza ipewe idhini, na tovuti nyingi huomba idhini isiyo na kikomo ili asisumbuliwe tena. Huo ni uvivu. Programu hiyo ikidukuliwa miezi baadaye, pochi hukombwa. Iombwe idhini ya kiasi kinacholipwa tu. Na kutuma moja kwa moja kwa jamaa hakuhitaji idhini yoyote.

Sheria nayo iangaliwe pande zote mbili. Kwa upande wa Unguja, Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku sarafu hizi kwa tangazo la Novemba 2019, ilhali sheria ya fedha ya 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali.

Kwa mtumiaji, tovuti yoyote ikiulizia yale maneno 12 au 24 ya kurejesha pochi, aifunge hapo hapo.