Mgeni wa Kijapani na Jembe la Lugha

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii yawahusu wenyeji wa Kericho na Bomet wanaowakaribisha vijana wa Japani majumbani mwao. Wajapani wa kujitolea walianza kuja Kenya mwaka 1966, lakini hadi leo jembe tunalowapa ni Kiingereza, lugha isiyo yao wala yetu.

Tutazame kikombe tu. Neno letu "chai" na "cha" la Kijapani yana asili moja, Uchina. Mmea nao ni mmoja. Mjapani huyafukiza majani kwa mvuke ili yabaki kijani, akanywa bila maziwa wala sukari. Viwanda vyetu huyanyausha, huyasaga na kuyaacha yageuke rangi kabla ya kuyakausha. Nasi nyumbani huyachemsha kwa maziwa. Mezani hapo pana somo la historia, sayansi na isimu.

Kabla ya kula, mgeni husema "itadakimasu", yaani napokea kwa unyenyekevu. Je, mwanafunzi wa Kipsigis amemweleza kwamba salamu yake, "chamgei", imebeba kitenzi cha kupenda? Asipomweleza, utamaduni umesafiri upande mmoja.

Walimu, wahimizeni wanafunzi wafundishe wanapofundishwa. Chuo Kikuu cha Osaka husomesha Kiswahili. Itakuwa aibu iliyoje Mjapani akijifunza lugha yetu kule, kisha aje Bomet asalimu kwa Kiswahili, ajibiwe kwa Kiingereza!