Mtafiti Mchanga na Barua ya Kazi

Wenye kitabu, kifungueni kwenye somo hili, ili macho yafuate masikio.

Mama mmoja wa darasa la jioni aliniuliza swali ambalo sikulitazamia. Alisema, "Bwana Elimu, mwanangu alimaliza chuo kikuu zamani. Wenzake wana kazi, na wengine wamekwisha jenga. Yeye kila nikimwuliza, husema yumo katika utafiti. Utafiti huo utakwisha lini?" Darasa lote likacheka, lakini yeye hakucheka. Nikamwahidi kumjibu hapa redioni.

Tuanze na neno lenyewe. Kutafiti ni kutafuta jambo lisilojulikana bado, na kulitafuta kwa utaratibu, hata mtu mwingine aweze kuirudia kazi ile na kuona kama ni kweli. Kwa sababu hiyo masomo ya mtafiti ni marefu. Kwanza shahada ya kwanza, miaka mitatu au minne. Kisha shahada ya pili. Kisha shahada ya udaktari. (Daktari huyu si lazima awe wa hospitali. Aweza kuwa daktari wa historia, asijue kufunga hata kidonda.) Baada ya hapo wengi huajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili, kwa fedha zilizotolewa kwa kazi moja tu. Fedha zikiisha, kazi nayo imekwisha.

Lakini urefu wa masomo si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kwamba mtafiti mchanga humtegemea mtu mmoja, kama mwanagenzi amtegemeavyo fundi wake. Mtu huyo ni profesa. Ndiye ampaye vyombo vya kazi, ndiye asomaye maandiko yake, na ndiye aandikaye barua ya kumsifu kwa watu wengine. Profesa akiwa mwema, mambo huenda. Akigeuka, kijana hajui amlilie nani.

Nitawapa mfano wa kweli, wa Wangari Maathai wa Kenya. Wengi wenu mwamjua kwa habari za miti, na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel aliyopewa mwaka 2004. Mimi nataka kuwaeleza miaka yake ya kwanza ya kazi, kabla jina lake halijavuma.

Wangari alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri. Mwaka 1960 alikwenda kusoma Marekani, akapata shahada ya kwanza mwaka 1964, kisha akasoma shahada ya pili ya elimu ya viumbe katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Huko alijifunza kazi moja ya mikono ambayo nawaomba mwiangalie sana. Alijifunza kutayarisha vipande vya nyama ya mwili ili vitazamwe kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Kipande hugandishwa ndani ya nta, hukatwa kwa mashine hata kiwe chembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi, kisha huwekwa juu ya kioo. Ni kazi ya subira. Mkono ukitetemeka, umeharibu.

Alipokuwa bado huko aliandikiwa barua kwamba nafasi ya kumsaidia profesa wa elimu ya wanyama inamngoja Nairobi, katika chuo kilichokuwa wakati ule sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Akarudi Januari 1966, barua mkononi. Alipofika kwa profesa, akaambiwa nafasi amekwisha pewa mtu mwingine. Baadaye, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006, aliandika kwamba aliamini amenyimwa kwa sababu ya kabila lake, na kwa sababu ni mwanamke.

Mwalimu wa darasa, simama hapa kidogo. Waulize wanafunzi: wewe ungalifanya nini siku ile?

Mimi nami yalinipata, ingawa si makubwa kama hayo. Niliahidiwa kazi yangu ya kwanza kwa mdomo. Nilipofika na sanduku langu nikaambiwa kwamba aliyeniahidi amehamishwa. Nauli ya kurudi nyumbani niliikopa. Tangu siku hiyo nikiahidiwa jambo, huuliza: ni wewe usemaye, au ni ofisi? Kuna barua ya mtu na kuna barua ya ofisi, na hata ya ofisi yafaa kuisoma mpaka mwisho.

Wangari alitafuta kazi kwa muda. Halafu alikutana na profesa mwingine, Reinhold Hofmann, aliyetoka Chuo Kikuu cha Giessen huko Ujerumani kuanzisha Nairobi idara ya elimu ya maungo ya wanyama kwa ajili ya matabibu wa mifugo. Huyu alihitaji mtu anayejua kutayarisha vipande vile vya hadubini. Basi ile kazi ya mikono ya Pittsburgh ndiyo iliyomfungulia mlango uliofungwa. Mwaka 1967 alikwenda Ujerumani kuendelea na utafiti, akarudi mwaka 1969, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuipata katika Afrika Mashariki na ya Kati.

Mngedhani shida zimekwisha. La. Wanawake wenye waume waliofundisha chuoni hawakupata haki sawa na wanaume, kama vile nyumba, kwa kuwa ilidhaniwa waume zao watawatunza. Kazi ni ile ile, na saa ni zile zile! Wangari na mwenzake Vertistine Mbaya hawakukubali. Walijaribu hata kukigeuza chama cha walimu wa chuo kiwe chama cha wafanyakazi, ili kiweze kudai. Mahakama ilikataa, lakini baadaye mengi waliyoyadai yalitimizwa.

Katika miaka hiyo alikuwa akichunguza kupe, wale waenezao ndigana kali kwa ng'ombe. Ilimbidi aende mashambani kuwakusanya. Huko aliona mito imejaa udongo mwekundu, na ng'ombe wamekonda hata mbavu zahesabika. Akajiuliza kama shida ya ng'ombe hao ni kupe peke yao, au ni ardhi isiyo na majani wala miti. Swali hilo halikuwamo katika utafiti aliotumwa kufanya, lakini lilimfuata. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mwaka huo huo alifanywa profesa mshiriki.

Sasa nimrudie mama yangu wa darasa la jioni. Mama, mwanao asiulizwe utafiti utakwisha lini; huenda hata yeye hajui, na swali lamwumiza. Mwulize: mkataba wako waisha mwezi gani? Barua yako imetiwa sahihi na nani? Profesa wako akiondoka, ni nani mwingine aijuaye kazi yako? Na umejifunza nini kwa mikono yako ambacho waweza kwenda nacho chuo kingine? Akiweza kujibu manne hayo, mwache aendelee, na ukiwa na uwezo mpelekee gunia la mahindi. Akishindwa, mkae wote wawili mwandike barua ya kuomba majibu kwa maandishi. Sasa waweza kumsaidia, maana herufi umekwisha zijua.

Maneno ya kuandika ubaoni: utafiti, mkataba, sahihi, mwanagenzi, hadubini. Kila mwanafunzi aandike barua fupi ya kuomba kuthibitishiwa kazi aliyoahidiwa, yenye tarehe juu na sahihi chini. Kwaherini.