Nani Alivuka Nyika

Ukisimama juu ya mwamba wa Irente saa kumi na moja jioni, mwendo wa saa moja na ushei kwa miguu kutoka Lushoto mjini, ardhi inakatika mbele ya vidole vyako. Chini kabisa, karibu mita 1,000, iko Mazinde na mashamba yake ya mkonge yaliyonyooka kama mistari ya daftari, kisha barabara kuu iendayo Arusha, kisha nyika: ya rangi ya kahawia, tambarare, mpaka macho yachoke. Wageni wengi hupiga picha wakarudi zao. Mwongozaji anayeijua kazi yake huwaketisha. Huwaambia waitazame nyika ile taratibu, kwa sababu safari ya siku nne inayoanza kesho yake ni ya kutafuta jibu la swali moja linalozaliwa pale mwambani: nani aliweza kuivuka, na nani hakuweza?

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwafundisha vijana kuongoza wageni kwa miguu milimani. Kosa tunalolisahihisha mara nyingi kuliko yote ni la kuikata safari vipande viwili, huku wanyama na miti, kule hadithi za wazee. Mchana kijana anataja majina ya ndege. Usiku, watu wameshiba, anasimulia habari za Mbegha kama kiburudisho. Usambara haikatiki hivyo. Simulizi yake kuu na viumbe wake adimu vimetoka kwenye chimbuko moja, na anayetembea kwa miguu huliona kwa urahisi zaidi kuliko anayepita kwa gari.

Tuanze na aliyevuka. Mbegha alikuwa mwindaji wa Nguu, milima iliyo kusini, ng'ambo ya mto Pangani. Utotoni aliota meno ya juu kwanza, na siku zile mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, akahesabiwa mkosi kwa ukoo wake. Nduguze walimkataa, akaondoka na mbwa wake. Alipofika Kilindi alifanya urafiki na mtoto wa mtawala, wakawa wanawinda pamoja, mpaka siku nguruwe alipomuua yule kijana. Mbegha hakungoja kuulizwa. Alivuka mto, akaikata nyika, akapanda Usambara, akawa anaishi mapangoni na kula nyama tupu. Wenyeji wa huko walikuwa na migomba na nafaka, lakini nguruwe walikuwa wanawamalizia mashamba. Yeye akawapa nyama, wao wakampa chakula cha shambani. Akawaua nguruwe, akawaamulia mashauri, akaozwa wake. Njiani kwenda Vuga aliua simba, na Vuga ndiko alikosimikwa akaitwa Simba Mwene. Uzao wake, Wakilindi, ukaitawala milima hiyo.

Habari hizi tunazo kwa Kiswahili safi katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, mtu aliyekaa Usambara akawajua Wakilindi wenyewe. Kilichapwa kwa mafungu huko Magila, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Anayepanga safari hii akisome kwanza kabla ya kununua viatu. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1974 kuhusu ufalme wa Wasambaa, alionyesha jinsi simulizi hiyo inavyosimama juu ya vitu viwili viwili vinavyokabiliana: pori na shamba, nyama na chakula cha mimea, nyika na Shambaai, yaani nchi ya juu, ya baridi, ya mvua na migomba. Mbegha anatoka upande mmoja na kufanywa mtu wa upande wa pili. Na mtawala aliyemfuata alipimwa kwa maneno mawili ya Kisambaa ambayo kila mwongozaji wangu ninamtaka ayajue: kuzifya shi, kuitengeneza nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mvua ikinyesha kwa wakati na chakula kikipatikana, nchi imetengenezwa. Njaa ikiingia, kuna mtu ameiharibu.

Sasa iangalie ramani. Nguu alikotoka Mbegha na Usambara alikohamia ni ndugu. Yote ni milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita nchini Kenya ukashuka kupitia Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru na Uluguru mpaka Udzungwa na kusini zaidi. Si milima ya volkano kama Kilimanjaro au Meru. Ni miamba mikongwe mno iliyoinuliwa, na upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi umekuwa ukiinywesha kwa muda mrefu kiasi kwamba misitu yake iliendelea kuishi hata zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Zamani za mvua nyingi, misitu hiyo iligusana. Nchi ilipokauka, kila mlima ukabaki kisiwa, na nyika ndiyo ikawa bahari iliyovizunguka.

Kiumbe anayeishi kwa kivuli na umande hawezi kuivuka bahari hiyo. Alibaki alipo, kizazi baada ya kizazi, mpaka akawa wa mlima wake peke yake.

Ushahidi wa jambo hilo tunautafuta usiku wa kwanza, pembezoni mwa msitu wa Magamba, kwa tochi. Mchana unaweza kupita mbele ya vinyonga ishirini usimwone hata mmoja. Usiku ngozi ya kinyonga aliyelala hupauka, na mwanga wa tochi ukimpata hung'aa kama jani lililogeuzwa upande wa chini. Tazama anapolala: ni nchani kabisa mwa kijiti chembamba, penye majani mawili matatu, mahali ambapo nyoka akijaribu kumfikia, kijiti kizima kitatikisika na kumwamsha. Mkia umeviringwa kama konokono. Miguu imebana kijiti kama koleo, vidole viwili upande huu, vitatu upande ule. Akiwa dume, puani ana pembe mbili bapa, zenye magamba, zilizotangulia mbele kama midomo ya pasi. Kiti chake ni kijiti kisichozidi unene wa kalamu, na pumzi yake huioni mpaka umtazame ubavuni kwa utulivu.

Kinyonga huyu wa pembe mbili kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa jamii moja na ndugu zake wa milima mingine, wote wakaitwa kwa jina moja la kisayansi, fischeri. Jina la jenasi yao ya sasa, Kinyongia, kama masikio yako yanavyokuambia, limetokana na neno letu kinyonga. Wanasayansi walilitoa mwaka 2006. Mwaka 2008 uchunguzi wa vinasaba na maumbile ulionyesha kwamba chini ya jina lile moja walifichika kadhaa. Wa Usambara Magharibi ni Kinyongia multituberculata. Wa Usambara Mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera tu, ni wengine. Na fischeri halisi, mwenye haki ya jina, ni wa milima ya Nguru na Nguu.

Nguu kwa Mbegha! Njia aliyoimaliza mwindaji kwa miguu yake na mbwa wake, kinyonga hajaimaliza kwa muda wote ambao binadamu amekuwepo duniani. Mgeni akilielewa hilo akiwa na tochi mkononi, simulizi ya usiku ule haihitaji tena moto wa kuipamba. Anajua mwenyewe ni ujasiri wa namna gani kuiacha milima yako na kushuka nyikani.

Niseme neno moja kwa waongozaji wenzangu na kwa wageni pia. Msimbandue kinyonga kwenye kijiti chake ili apigwe picha mkononi. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa, kwa hiyo kumshika huonekana ushujaa. Lakini aliyeamshwa na kuhamishwa huhangaika usiku kucha, na kesho yake ana njaa na baridi. Mwangaze kwa muda mfupi, mtazame, mwache alale.

Kuhusu njia yenyewe sina haja ya kusema mengi. Kutoka Magamba huenda Lukozi, kwenye soko la mboga zinazopelekwa Dar es Salaam. Halafu Rangwi, ambako watawa hupokea wapita njia. Halafu Mambo na Mtae, kijiji kilichokaa juu ya ukingo kama ndege aliyetua. Kwa siku ni mwendo wa saa tano hadi saba, wa kupanda na kushuka. Msitu wa Magamba uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kibali hukatwa kabla ya kuingia. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia huteleza vibaya. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna ukungu na baridi ambayo mtu wa Dar haiamini mpaka aikute. Sweta si la hiari. Ni safari ambayo Mtanzania wa kawaida anaweza kuifanya, na inaniuma kwamba wanaoifanya wengi bado ni wageni wa mbali.

Siku ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayonihuzunisha. Ndani ya msitu, chini ya miti mirefu wanamokaa kima na mbega, anaishi ndege mdogo wa kahawia isiyokolea, akalati wa Usambara, ambaye duniani kote anapatikana Usambara Magharibi tu. Haji kwenye mwanga. Hukaa karibu na ardhi akiokota wadudu penye giza la majani. Mtafiti William Newmark na wenzake, walioanza kunasa na kuvisha pete ndege wa misitu hii mwishoni mwa miaka ya 1980, wameonyesha kwamba ndege wengi wa tabaka hilo la chini hawavuki uwazi, hata ukiwa mdogo, na kwamba katika vipande vidogo vya msitu hupotea jamii moja baada ya nyingine. Katika Tao lote, zaidi ya theluthi mbili ya msitu wa asili imekwisha kuondoka.

Safari moja nilipima. Tulitoka kwenye ukingo wa msitu, tukapita shamba la kabichi, tukaingia kwenye kipande kingine cha msitu kilichoachwa kwenye makorongo. Nilihesabu hatua 310, kwa mwendo wa kawaida, na muda haukufika dakika tano. Upande tuliotoka, mwongozaji alimsikia akalati mara mbili asubuhi ile. Upande tulioingia tulikaa kimya hadi miguu ikafa ganzi, na hatukumsikia. Hatua 310 za kabichi ni nyika nyingine, na hii tumeichora wenyewe, ndani ya Shambaai.

Sisemi mkulima ndiye mbaya. Kabichi ile inalipa ada ya mtoto. Lakini upandaji wa miti ya asili kwenye kingo za mito, ili vipande viunganishwe, unawezekana, na mwongozaji anayelipwa na wageni kwa ajili ya ndege yule ana sababu ya kuuzungumzia kijijini kuliko mtu yeyote wa mjini.

Jioni ya siku ya tatu, karibu na Mambo, tulimkuta bibi mmoja anapanga kuni mlangoni mwa kibanda cha kulindia shamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mnatoka wapi na mizigo yote hiyo?"

"Lushoto, kwa miguu. Na wewe unalala huku nje na baridi hii?"

Akatuonyesha. Safu nne za mahindi zilikuwa zimelala chini, mabua yametafunwa, udongo umechimbuliwa kama kwa jembe. Nguruwe walitoka korongoni usiku wa jana. Wao uwazi hauwatishi. Giza likiingia tu, wanavuka.

Kijana wangu, ambaye siku mbili nzima alikuwa akitusimulia habari za Wakilindi, akainama akashika bua moja. "Bibi, tukakutafutie Mbegha?"

Bibi hakuinua uso. Alikuwa anapuliza moto wake.

"Mwambie aje na nyama," akasema. "Ugali upo."