Vuga ilivyopoteza njia ya Mazinde

Basi la Arusha likishaiacha Mombo, milima ya Usambara husimama kama ukuta upande wa kulia, na chini yake mkonge. Punde hufika Mazinde. Abiria wachache hushuka, na wengi hata hawaamki. Lakini ufalme wa ukoo wa Wakilindi, uliowahi kutawala kutoka milimani hadi pwani ya Tanga na Pangani, ulivunjikia hapo, miaka mingi kabla Mjerumani hajatundika bendera yake.

Mwanzilishi wake, Mbegha, alikuwa mwindaji kutoka Nguu. Alipanda Usambara katika karne ya 18, akawaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mazao ya watu, akagawa nyama, akapewa enzi. Mji mkuu ukawa Vuga, juu mlimani. Mfalme aliitwa Simba Mwene. Watu walimpelekea mifugo na vyakula kwa kuamini kwamba mvua imo mikononi mwake, na kwamba mwenye enzi akiwa mmoja asiyepingwa, nchi hupona. Washambaa, wenyeji wa milima hiyo, husema kuzifya shi, kuiponya nchi. Wakubwa wakigombana huwa ni kubana shi, na njaa haiko mbali.

Kilele kilikuwa enzi ya Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala karibu nusu karne hadi 1862. Aliwaweka wanawe kuwa machifu kila upande. Pwani, madiwani, yaani wakuu wa miji, walikuwa na mabwana wawili: Kimweri mlimani na Sultani Seyyid Said Unguja. Mmishonari Krapf alimtembelea 1848 na tena 1852, akaona jinsi neno lake lilivyoheshimiwa njia nzima. Wasafiri Burton na Speke walipofika Vuga 1857 walimkuta mzee aliyechoka, na askari wa Kibaluchi wa Sultani walikwisha piga kambi Tongwe, juu ya Pangani.

Kimweri aliishi mno. Desturi ilitaka mfalme mpya atawale kwa mikono ya wanawe mwenyewe, lakini mrithi wake, Mbereko, alikufa kabla yake. Kiti kikamwangukia mjukuu, Shekulwavu, kijana asiye na mtoto wa kumpa uchifu. Kila alikogeuka alikuta baba zake wadogo na wakubwa, watu wazima wenye ngome na wafuasi. Mmoja wao alikuwa Semboja wa Mazinde.

Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Misafara ya pembe na watumwa kutoka bara ilifuata bonde la Pangani kuelekea pwani, na msafara unahitaji maji, chakula na ruhusa ya kupita. Vyote vilikuwa kwa Semboja. Alitoza hongo, yaani ushuru wa njia, akafanya urafiki na wafanyabiashara wa pwani, akapata bunduki na baruti. Vuga iliendelea kupokea mbuzi, na Mazinde ikapokea risasi. Semboja akaleta na wapiganaji wa Kitaita na Kimasai, akamfukuza Shekulwavu mlimani. Mwenyewe hakuhamia Vuga. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, yeye akabaki bondeni kwenye mali.

Watu wa pwani walikwisha kuijua habari ya dola kubwa ya namna hii. Utenzi wa Herekali, uliotungwa Pate mwaka 1728, unamhusu kaisari wa Rumi ya Mashariki, wale Warumi wanaotajwa pia katika Qur'ani. Konstantinopoli, mji mkuu wa dola hiyo, nayo iliwapa wafanyabiashara wa Venice msamaha wa ushuru 1082, faida ya biashara ikahamia mikononi mwao, na ndugu wa ukoo wa kifalme wakawaita wageni wawapiganie. Mji ulitekwa na Wazungu wa msalaba 1204, kisha na Waturuki 1453. Sultan Mehmed alikuta dola iliyokwisha kuliwa na wenyewe.

Usambara, walioliwa walikuwa wakulima. Wabondei, raia wa upande wa pwani, waliwainukia Wakilindi katika vita vya Kiva, mwishoni mwa miaka ya 1860, wakawaua na kuwafukuza. Milimani, chifu aliyehitaji bunduki aliwakamata raia wa jirani, baadaye hata wa kwake mwenyewe, akawauza wakashuke Pangani. Miaka hiyo Washambaa huikumbuka kuwa ya nguvu kwa nguvu. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyekuwa karibu na Semboja, ameyaandika mengi katika Habari za Wakilindi, na nasikitika kwamba wanafunzi wengi wa Tanga humaliza shule bila kukishika kitabu hicho.

Wajerumani walipofika hawakuhitaji kuvunja kitu. Semboja alikufa 1895, na mwaka huohuo walimnyonga Mputa, mjukuu wake aliyekuwa mfalme Vuga, wakamweka Kinyashi wa upande wa Shekulwavu. Reli yao ilitoka Tanga ikafika Mombo 1905, kisha ikapita Mazinde kwenda Moshi, kwa njia ileile ya misafara. Waingereza waliirudishia Vuga heshima kidogo 1926 ili iwakusanyie kodi. Kinyashi alijiuzulu 1929, na baada ya uhuru serikali ikaufuta uchifu nchi nzima.