Visiki baada ya mavuno ya miti: Namna ya kuchagua mashine ya kusagia inayofungwa kwenye trekta

Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, hususan mikoa ya Njombe na Iringa, wakulima wadogo wengi wamepanda misindano, mikaratusi na miwati kwa ajili ya mbao, nguzo na kuni. Baadhi yao sasa huvuna miti hiyo wakikusudia kuitumia ardhi ileile kwa parachichi, viazi au mahindi. Nchini Kenya, katika maeneo kama Kericho na Uasin Gishu, ambako mikaratusi hupandwa kwa nguzo na kwa kuni za viwanda vya chai, swali hilohilo humkabili kila anayetaka kubadili matumizi ya shamba lake.

Magogo huondoka kwa lori katika muda wa siku chache. Visiki hubaki. Plau ikigonga kisiki, sahani hupinda au fremu hupasuka, na msimu wa kulima huenda ukapita trekta likiwa gereji. Ndiyo maana mashine ya kusaga visiki, inayofungwa nyuma ya trekta na kuendeshwa kwa nguvu ya injini yake, imekuwa ikiulizwa na wakulima, vyama vya ushirika na wenye biashara ya kukodisha matrekta. Hata hivyo, mashine hii ni ghali, na ikinunuliwa pasipo hesabu huweza kumwacha mnunuzi na deni pamoja na visiki vyake.

Je, kila kisiki kinahitaji kusagwa?

Jibu hutegemea aina ya mti. Kisiki cha msindano hakichipui. Mti ukishakatwa, mizizi hufa na kuoza polepole kwa miaka kadhaa. Mkulima asiye na haraka, au anayekusudia kupanda miti mingine katikati ya mistari ya zamani, aweza kukiacha.

Mkaratusi una tabia nyingine. Huchipua upya kutoka kwenye kisiki, na wakuzaji wa nguzo huitegemea tabia hiyo kupata mavuno ya pili na ya tatu bila kupanda tena. Kwa mwenye nia ya kulima mahindi, machipukizi hayo ni adui. Kukata usawa wa ardhi hakutoshi, kwa kuwa macho ya kuchipua yamo hata kwenye shingo ya mti, pale shina linapokutana na mizizi. Mashine inapaswa kushuka chini ya shingo hiyo, kwa kawaida sentimita 15 hadi 30 ndani ya udongo.

Miwati huleta tatizo la tatu. Mbegu zake huweza kukaa ardhini miaka mingi zikiwa hai. Kusaga visiki huondoa kikwazo cha plau, lakini udongo uliovurugwa na kuachwa wazi juani huzifanya mbegu hizo kuota kwa wingi. Aliyesaga visiki vya miwati hana budi kupanga palizi ya misimu kadhaa.

Lipo pia suala la ugonjwa. Kuvu wa jamii ya Armillaria huishi katika visiki na mizizi iliyokufa, kisha huhamia kwenye mimea mipya. Wakulima wa chai wa Afrika Mashariki wanamfahamu kwa miaka mingi, na mparachichi nao hushambuliwa naye. Mashine ya kusaga huondoa kisiki lakini huacha mizizi mikubwa ardhini. Kwa hiyo, shamba lenye dalili za kuvu huyo, ambalo linatarajiwa kupandwa chai au parachichi, lahitaji kung'olewa mizizi kwa ekskaveta ingawa gharama yake ni kubwa zaidi. Katika mashamba ya chai ilizoeleka kubandua gome kuzunguka shina muda mrefu kabla ya kuukata mti, ili wanga uliomo mizizini upungue na kuvu akose chakula.

Kando ya mito, mambo hugeuka. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira wa Kenya, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kandokando ya mito na kwenye maeneo chepechepe iondolewe. Mahali kama hapo, mizizi inayobaki baada ya kusaga huendelea kwa muda kushikilia udongo wa ukingo, ilhali kung'oa hufungua njia ya mmomonyoko.

Uamuzi uanze kabla ya msumeno

Anayekusudia kusaga humwagiza mkataji akate chini kabisa, sentimita 5 hadi 10 juu ya ardhi, kwani kila sentimita inayobaki ni mbao zilizopotea na dizeli ya ziada. Anayekusudia kung'oa kwa ekskaveta humwagiza kinyume chake: aache shina refu, hata la mita moja, ili mashine ipate mahali pa kushika na kupindua. Atakayebadili mawazo baada ya miti kuanguka atalipia kosa hilo katika kila kisiki.

Aina tatu za mashine

Aina ya kwanza na inayopatikana zaidi ni ya gurudumu. Sahani nzito ya chuma yenye meno pembeni huzunguka kwa kasi, huku ikisogezwa kulia na kushoto juu ya kisiki na kukipunguza tabaka baada ya tabaka. Trekta husimama mahali pamoja. Kinachosogea ni gurudumu. Zipo ndogo zinazokubali trekta la nguvu za farasi 25 au 30, na zipo kubwa zinazohitaji zaidi ya farasi 80.

Aina ya pili hufanana na keekee kubwa yenye umbo la koni au silinda, inayoshuka wima katikati ya kisiki. Huzunguka polepole na hutupa vipande vikubwa karibu na kisiki badala ya kuvirusha mbali. Hufaa visiki vilivyosimama mmojammoja, ila kisiki kipana hulazimu kutobolewa mara kadhaa.

Aina ya tatu ni ngoma pana yenye meno, inayosaga visiki, matawi na mizizi ya juu huku trekta likitembea kwa mwendo wa kutambaa. Kazi yake ni ya haraka, lakini huanzia farasi 100 na nyingi huhitaji zaidi, pamoja na gia za mwendo wa polepole mno. Kwa trekta za kawaida za wakulima wa ukanda huu, zenye farasi 50 hadi 75, aina hii haifai.

Nguvu ya injini na nguvu ya shafti

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kulinganisha nguvu ya injini na mahitaji ya mashine. Mashine haiendeshwi na injini moja kwa moja. Huendeshwa na shafti ya nyuma ya trekta, ambayo mafundi huiita PTO, na nguvu inayofika hapo hupungua kwa takriban asilimia 10 hadi 15. Trekta la farasi 75 hubakiwa na farasi 65 hivi kwenye shafti. Mashine inayotaka farasi 70 kwenye shafti italizidi trekta hilo, ingawa maelezo ya muuzaji yaweza kuonyesha kwamba linatosha.

Kasi nayo ihakikiwe. Matrekta mengi hutoa mizunguko 540 kwa dakika, na makubwa hutoa pia mizunguko 1,000. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya 1,000 ikiendeshwa kwa 540 hukwama, na ile ya 540 ikiendeshwa kwa 1,000 huhatarisha maisha ya walio karibu.

Mikono ya kunyanyulia na uzito

Mashine hufungwa kwenye mikono miwili ya chini na mmoja wa juu. Vipimo vya pini hutofautiana kwa daraja: daraja la kwanza hutumia pini za chini za milimita 22, na la pili milimita 28. Trekta dogo lenye daraja la kwanza halipaswi kulazimishwa kubeba mashine ya daraja la pili kwa kutumia vyuma vya kuchomelea.

Uwezo wa kunyanyua unaotangazwa mara nyingi hupimwa kwenye ncha za mikono. Mashine ya kusaga hujitokeza nyuma zaidi ya hapo, kwa hiyo mzigo halisi kwa trekta huwa mkubwa kuliko namba inayosomwa kwenye mizani. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ekseli ya mbele ibaki na angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta. Trekta la kilo 2,500 lapaswa kubakiwa na kilo 500 mbele. Vinginevyo usukani hupoteza mamlaka, hasa kwenye miteremko kama ya Njombe. Vyuma vya uzito vya mbele viingizwe katika bajeti tangu mwanzo.

Mfumo wa mafuta ya haidroliki

Gurudumu husogezwa na mitungi ya haidroliki: juu na chini, kulia na kushoto, na katika baadhi ya mashine mbele na nyuma. Kila mwelekeo huhitaji njia yake ya mafuta. Matrekta mengi ya zamani yana njia moja tu ya nje, na mengine hayana kabisa. Katika hali hiyo, mnunuzi atafute mashine yenye pampu na tangi lake, inayojitegemea kwa nguvu ya shafti. Ni ghali zaidi, lakini hufanya kazi kwenye trekta lililopo.

Meno na vipuri

Meno huimarishwa kwa kabaidi ya tungisteni, madini magumu sana ambayo hata hivyo hupasuka yakigonga jiwe. Katika udongo wenye changarawe, meno ndiyo gharama kubwa baada ya dizeli. Meno ya mviringo yanayoweza kugeuzwa ili kutumia upande mwingine hudumu zaidi kuliko yenye makali upande mmoja. Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize bei ya jino moja, idadi ya meno kwenye gurudumu, na mji wa karibu yanakouzwa. Mashine ambayo meno yake huagizwa ng'ambo yaweza kusimama kwa wiki nzima kwa sababu ya kipande cha chuma kinachoenea kiganjani.

Kifaa kingine cha kuulizia ni kinga ya shafti: klachi inayoteleza au bolti laini inayokatika gurudumu linapokwama. Pasipo kinga hiyo, mshtuko wote huingia kwenye giaboksi ya trekta.

Hesabu ya muda

Miti iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 hufikia takriban 1,111 kwa hekta. Tuseme kila kisiki kinachukua dakika 5, pamoja na kusogeza trekta. Hekta moja itahitaji saa 93 hivi, yaani karibu siku 12 za kazi ya saa 8. Trekta likitumia lita 6 kwa saa, hizo ni lita zipatazo 560 za dizeli. Visiki vikichukua dakika 10, hesabu yote huongezeka maradufu. Ikumbukwe kwamba kisiki cha sentimita 60 kina eneo mara nne ya kile cha sentimita 30, na muda wake hufuata mkondo huo.

Kwa mwenye hekta moja au mbili, hesabu hii kwa kawaida huelekeza kukodi. Ununuzi huanza kuleta maana kwa chama cha ushirika au mkandarasi mwenye uhakika wa kazi ya miaka kadhaa. Nchini Tanzania, kituo cha CAMARTEC kilichopo Arusha hujishughulisha na majaribio ya zana za kilimo, na ni mahali panapofaa kuulizia kabla ya kuagiza mashine isiyofahamika.

Usalama

Shafti inayozunguka mara 540 kwa dakika huzunguka mara 9 kwa sekunde. Kitenge, kanga au mkono wa koti ukinaswa, hakuna muda wa kujinasua. Kifuniko cha plastiki cha shafti kisiondolewe kwa kisingizio chochote, na injini izimwe kabla ya mtu kukaribia meno. Gurudumu hurusha mawe na vipande vya mbao mbali. Watoto na watazamaji wakae mbali sana, na dereva avae miwani, kofia ngumu na vizuia kelele. Mabomba ya maji na nyaya za umeme za chini ya ardhi zitafutwe kabla ya kuanza.

Baada ya kusaga

Kila kisiki huacha rundo la chenga za mbao zilizochanganyika na udongo. Zikichimbiwa ardhini, vijidudu vinavyozioza huchukua nitrojeni ya udongo, na mahindi yaliyopandwa hapo hugeuka manjano. Ni afadhali kuzikusanya na kuzitandaza juu ya ardhi kama matandazo, au kuzitumia kwenye zizi la mifugo hadi ziwe mboji. Mashimo yajazwe udongo, na msimu wa kwanza upandwe maharage au jamii nyingine ya kunde, pamoja na samadi.

Kwa anayekaribia kufanya uamuzi, jaribio lisilo na gharama kubwa ni kukodi mashine kwa siku moja, kuisagisha visiki 50 vya shamba lake mwenyewe, kisha kuandika saa zilizotumika, lita zilizonyweka na meno yaliyopasuka. Takwimu hizo tatu, zikigawanywa kwa 50 kisha kuzidishwa kwa idadi ya visiki vilivyobaki, zitamwonyesha kama anunue, akodi, au aviache visiki vioze.